Neno la Msalaba Hugusa Lile Lililoshikwa kwa Nguvu

Hapana Mkristo, awe mkulima au karani, asiyeujua msalaba kwa kuuona. Uko juu ya paa la kanisa, uko juu ya kaburi la mzazi wake, na huenda uko shingoni mwa binti yake katika mkufu. Lakini kuuona msalaba ni jambo moja, na kulisikia neno la msalaba ni jambo lingine. Macho huzoea upesi, na kitu kilichozoewa na macho hakiushtui moyo tena. Ndiyo sababu Kanisa tangu mwanzo halikuridhika na kuuonyesha msalaba tu, bali liliuhubiri. Basi yafaa kuuliza: mhubiri asimamaye mbele ya watu na kuutaja msalaba, ahubiri nini hasa? Na msikilizaji atajuaje kwamba amehubiriwa msalaba wenyewe, wala si kivuli chake?

MTI WA AIBU

Kwanza hapana budi kukumbuka msalaba ulikuwa kitu gani katika siku zile. Warumi hawakuujua kuwa pambo. Ulikuwa chombo cha kuulia watu, tena uliwekwa hasa kwa watumwa, wanyang'anyi, na wenyeji wa nchi zilizotawaliwa walioasi. Mtu alivuliwa nguo, akapigwa mijeledi, akatwikwa mti wake, kisha akaangikwa kando ya njia ili wapitao waone na kuogopa. Mwaka 71 kabla ya Kristo, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipokwisha kuvunjwa, watumwa 6,000 waliotekwa walisulubiwa kandokando ya njia itokayo Capua kwenda Rumi, umbali wa kilomita 200 hivi. Msafiri aliyeishika njia ile alikwenda siku kadhaa akiwa katikati ya maiti.

Kwa hiyo watu wenye adabu hawakupenda hata kuutaja. Cicero, msemaji mashuhuri wa Rumi, alipokuwa akimtetea mshtakiwa mmoja mwaka 63 kabla ya Kristo, alisema kwamba hata jina lenyewe la msalaba lapasa kuwa mbali na masikio ya raia wa Rumi. Na Wakristo walipoanza kunena habari za Mwokozi aliyesulubiwa, wengi waliwacheka. Katika kilima cha Palatino, mjini Rumi, uligunduliwa mwaka 1857 mchoro wa dhihaka uliokwaruzwa ukutani zamani sana. Mtu amesimama mbele ya msalaba kwa ibada, na yule aliyeangikwa ana kichwa cha punda. Maneno ya Kiyunani yaliyoandikwa hapo yasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Huyo Alexamenos hajulikani kwa jambo lingine lo lote. Jina lake limedumu mpaka leo kwa sababu wenzake walimcheka kwa ajili ya msalaba.

PAULO KATIKA KORINTHO

Karibu na mwaka 50 baada ya Kristo, mtume Paulo aliingia Korintho. Mji huo uliokuwa umeharibiwa ulijengwa tena kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, nao ulikuwa na bandari mbili, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Wenyeji wake wengi walikuwa wazao wa watu walioachwa huru kutoka katika utumwa, ambao sasa walikuwa wakipanda ngazi kwa biashara na ujuzi. Mji wa namna hiyo hupenda msemaji hodari, na huheshimu mtu aliyefanikiwa. Walimu wa maneno walipita humo wakilipwa fedha, na watu walijisifia mwalimu wao kama vile vijana wa leo wajisifiavyo timu yao ya mpira.

Paulo angaliweza kuyaanza mahubiri yake kwa mambo yapendezayo zaidi. Angaliweza kueleza mifano ya Yesu, au miujiza yake, au mafundisho mema ya kuishi na jirani. Yeye mwenyewe aeleza katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho kwamba alikusudia kutoshika jambo jingine kati yao isipokuwa Kristo, naye amesulubiwa. Alijua vema kwamba Wayahudi walitaka ishara na Wayunani walitaka hekima, na kwamba habari ya mtu aliyetundikwa ilikuwa kikwazo kwa hao na upuzi kwa hawa. Hata hivyo hakuibadili.

Kwa nini? Jibu laonekana katika waraka ule ule. Kanisa la Korintho lilikuwa na magomvi ya kila namna. Wako waliojigawa makundi, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Wako waliopelekana mahakamani. Hata penye meza ya Bwana wenye mali walikula wakashiba, na maskini wakarudi nyumbani na njaa. Ugonjwa wa mambo hayo yote ulikuwa mmoja, nao ni majivuno. Paulo alijua kwamba hekima nyingine yo yote humwachia mtu pahali pa kujivunia, lakini msalaba haumwachii. Ikiwa Mungu amemwokoa mwanadamu kwa kifo cha aibu, kifo cha mtumwa, basi tajiri hana neno la kujisifia mbele ya maskini, wala msomi mbele ya asiyejua kusoma. Hivyo mahubiri ya msalaba yalikiendea moja kwa moja kile kitu ambacho Wakorintho walikuwa wamekishika kwa nguvu kuliko vyote.

Hapo ndipo yapatikanapo maana ya jambo lenyewe. Neno la msalaba lasema mambo matatu kwa pamoja: kwamba dhambi ya mwanadamu ni nzito hata ikamgharimu Mungu hivyo; kwamba upendo wa Mungu ni mkuu hata hakukataa gharama hiyo; na kwamba aliyekombolewa kwa gharama hiyo si mali yake mwenyewe tena. Wahubiri wengi hupenda kulitaja la kwanza na la pili. La tatu huachwa mara nyingi, maana ndilo limwumizalo msikilizaji, na humwumiza mhubiri vilevile.

MSALABA ULIPOGEUZWA KUWA BENDERA

Katika karne ya 4 mambo yaligeuka. Kaisari Konstantino aliliona Kanisa kwa jicho jema, na alama ya Kristo ikachukuliwa mbele ya majeshi yake. Tangu hapo msalaba ulikuwa na kazi mbili, ya kuhubiriwa na ya kutangulia vitani, na kazi hizi mbili hazikupatana. Mwaka 1095 watu wa Ulaya walianza kushona misalaba juu ya nguo zao kwa safari ya vita, na mwaka 1099 walipoutwaa mji wa Yerusalemu waliwaua Waislamu na Wayahudi wengi humo. Ni vigumu kumlaumu Mwislamu ambaye tangu siku hizo akiuona msalaba hukumbuka upanga.

Pwani ya Kenya nayo inayo alama ya namna hiyo. Huko Malindi, juu ya mwamba ulio kando ya bahari, iko nguzo yenye msalaba, ikumbushayo kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498. Mabaharia wa Ureno waliweka nguzo za namna hiyo pwani za Afrika ili kuonyesha kwamba mfalme wao amefika. Msalaba ule haukumhubiria mtu. Ulikuwa kama alama ya mpaka ambayo mtu huipanda katika shamba. Baadaye, katika karne ya 19, walikuja wamisionari wenye nia nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka uo huo, na mwaka 1846 akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Lakini utawala wa Kiingereza ulipokuja nyuma yao, na mashamba ya watu yalipotwaliwa, wasikilizaji wengi hawakuweza tena kupambanua kati ya msalaba na bendera. Wakikuyu walikuwa na msemo uliojulikana sana, kwamba hapana tofauti kati ya Mzungu mlowezi na padre. Msemo huo ulikuwa mashtaka, na mhubiri aliyetaka kusikilizwa hakuweza kuyapuuza.

UAMSHO WA AFRIKA YA MASHARIKI

Mashtaka hayo hayakujibiwa kwa hoja. Yalijibiwa, kwa sehemu, kwa maisha ya watu wachache ambao wenyewe waligongwa na neno la msalaba. Mwaka 1929 huko Kampala, Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari wa Kiingereza, Joe Church, walisoma Maandiko na kusali pamoja. Joe Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya misioni ya Gahini, nchini Rwanda. Kutoka Gahini moto ulienea katika miaka ya 1930 hata Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Mwaka 1937 kikundi cha wahubiri wa Uamsho kilifika Kabete, karibu na Nairobi. Waganda waliwaita watu hao Balokole, na Wakikuyu waliwaita Ahonoki, yaani waliookoka. Wimbo wao wa Tukutendereza ulijulikana kotekote.

Mahubiri yao yalikuwa na kiini kimoja, nacho ni msalaba na damu ya Yesu. Lakini hawakuishia kulieleza fundisho hilo. Mtu aliyeguswa alitazamiwa kutoka gizani na kuingia nuruni, yaani kuyataja makosa yake waziwazi na kuyatengeneza. Watu walirudisha vitu walivyokuwa wameiba. Walilipa madeni ya zamani ambayo hata wenye kudai walikuwa wamekwisha kuyasahau. Mume alimwomba mkewe radhi, jambo ambalo wazee wengi waliliona ni la ajabu.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa lile la rangi. Katika siku ambazo Mwafrika alisimama na Mzungu akaketi, wako wamisionari waliokiri mbele ya ndugu zao Waafrika kwamba walikuwa wamejaa kiburi, na Waafrika waliokiri mbele ya Wazungu kwamba walikuwa wamewachukia. Sheria za nchi hazikubadilika kwa maungamo hayo, na ni kweli kwamba wengi wa watu wa Uamsho hawakunena neno juu ya sheria hizo. Lakini waliomo walifahamu kwamba penye mti ule wa aibu hapana kiti cha mbele.

Uamsho nao ulikuwa na makosa yake. Wako waliojivunia kuungama kwao, wakawahukumu wengine kwa mavazi na kwa desturi ndogondogo. Palikuwa na ugomvi kati yao na wakuu wa makanisa, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Majivuno, kama magugu, huota hata katika shamba lililolimwa vizuri.

KATI YA PANDE MBILI

Jaribu kubwa lilikuja Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari iliyodumu mpaka Januari 1960. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru, na madai yao yalikuwa na msingi. Serikali ya siku hizo iliwatesa wengi katika kambi, na mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa fidia watu 5,228. Kwa hiyo ni kosa kuzisimulia siku zile kana kwamba haki yote ilikuwa upande wa wenye bunduki za serikali.

Katika mgogoro huo watu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walijikuta hawana upande. Walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuipokea damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na damu nyingine. Tena wengi wao walikataa kuchukua silaha katika kikosi cha Homu Gadi, wakisema hawawezi kumwua jirani ambaye Kristo alimfia. Kwa neno la kwanza waliudhi wapiganaji, na wako waliouawa. Kwa neno la pili waliudhi serikali, nao walishukiwa. Si kila Mkristo aliyefanya hivyo. Wengi walikula kiapo kwa hofu, au kwa kuipenda nchi yao, na wengine wengi walishika bunduki. Lakini hao wachache waliosimama katikati waliihubiri maana ya msalaba kwa njia ambayo mimbari haiwezi. Msikilizaji aliyesema kwamba msalaba ni bendera ya Mzungu aliona sasa watu wanaofuata msalaba bila kufuata bendera.

Kumbukumbu yao iko Murang'a, ambako Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la mashahidi mwaka 1955. Ndani yake msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alichora ukutani picha kubwa tano mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hata kusulubiwa kwake. Katika picha hizo Yesu ni Mwafrika, na milima, miti na watu ni wa nchi ile ile ambayo watu walikuwa wameuana ndani yake. Atazamaye hawezi kusema kwamba habari hii ni ya mbali.

Uganda nayo iliona jambo kama hilo. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyekuwa ameokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kuyalalamikia mauaji. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia na kuvuka mpaka kwa miguu. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa na uchungu mwingi juu ya Amin, hata Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, aliposikia habari za Bwana aliyewaombea waliompigilia misumari. Mhubiri huyo wa msalaba wa miaka mingi aliona kwamba bado kulikuwa na kitu alichokishika kwa nguvu, nacho ni chuki. Alisamehe, wala hakuacha kuushuhudia uovu wa Amin.

MAHALI NENO LILIPONYAMAZA

Lakini habari hii haiwezi kuishia hapo. Gahini iko Rwanda, na Rwanda ndiyo nchi ambayo katika mwaka 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi mamia ya maelfu waliuawa na watu wa nchi yao. Waliokimbilia makanisani, kama vile Ntarama na Nyamata, waliuawa mumo humo, penye misalaba. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Na Kenya isiitazame Rwanda kana kwamba yenyewe ni safi, kwa maana tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto, na watu waliojificha ndani wakateketea, wengi wao wanawake na watoto, kwa ajili ya kabila lao na kura.

Je, msalaba haukuhubiriwa huko? Ulihubiriwa, tena kwa miaka mingi. Lakini yaonekana kwamba mara nyingi ulihubiriwa juu ya pombe, wizi na uzinzi, mambo ambayo msikilizaji alikuwa tayari kuyasikia yakikemewa, na ukanyamaza juu ya kabila, ambalo ndilo alilolishika kwa nguvu. Palipokuwa na mtu ambaye neno lilimfikia mpaka hapo, alionekana. Nchini Rwanda wako waliowaficha jirani zao kwa hatari ya maisha yao, na wako waliokufa pamoja nao. Wengine walikuwa na msalaba ukutani, na moyoni walikuwa na bendera.

KIPIMO CHA MHUBIRI

Basi mhubiri ana kipimo, na msikilizaji vilevile. Hotuba yenye jina la msalaba mara kumi yaweza kuwa tupu, ikiwa kila aliyeisikia amerudi nyumbani akifurahi kwa sababu waliokemewa ni watu wengine. Mhubiri awaahidiye watu utajiri na magari, kisha autaje msalaba mwishoni kama muhuri wa barua, amewauzia Wakorintho kile walichokuwa wakikitaka tangu mwanzo. Na mhubiri asemaye juu ya msamaha katika kanisa lenye kabila moja, pasipo kulitaja kabila la ng'ambo ya mto, amelima pembe za shamba na kuiacha katikati na magugu yake.

Msikilizaji naye asingoje mhubiri amtajie kosa lake. Mkulima ajua mahali jiwe la mpaka lilipokuwa zamani, kabla halijasogezwa. Karani ajua fedha zilizoandikwa katika daftari na zile zilizotiwa sandukuni. Kila mmoja alijua jina la jirani ambaye hakumsalimu tangu uchaguzi uliopita. Neno la msalaba likihubiriwa kwa kweli, huenda mpaka hapo, na mtu huondoka kanisani akiwa na safari ya kwenda: kwa jirani, kwa mwenye kumdai, au kwa ndugu aliyekosana naye.

Safari hiyo ni ngumu kuliko kuimba, na watu wengi huiahirisha mpaka Jumapili ijayo. Lakini nchi hii imekwisha kuona hasara ya kuiahirisha, na majivu ya Kiambaa hayajasahauliwa.